Somo: Kubaki kwenye wanga kidogo kuanzia Krismasi mpaka Mwaka Mpya

Sahani ya pilau ya tarehe 25 siyo inayowaangusha wengi. Kinachowaangusha ni kiporo cha tarehe 26, maandazi ya 27, na soda inayofunguliwa kila mgeni akibisha hodi. Kwa hiyo pangia wiki nzima.

Hatua ya 1: Weka kikomo mapema. Kama kawaida yako ni gramu 50 za wanga kwa siku, sukari ikiwemo, jiruhusu 100 siku ya sikukuu yenyewe, kesho yake urudi 50. Makadirio ya jikoni ni haya: pilau au wali ukubwa wa ngumi moja, gramu 45, chapati ya nyumbani, 35 hadi 45 kutegemea unene, andazi, 20 hadi 25, soda ya mililita 350, kama 37, yaani vijiko tisa vya chai vya sukari. Nyama choma, samaki na mayai ni karibu na sifuri. Ngumi ya pilau na soda moja tayari ni 80 na ushee! Futa soda kwanza, maana haishibishi. Kisha chagua pilau au chapati, siyo vyote viwili.

Hatua ya 2: Usishinde njaa ili "kuacha nafasi". Chakula cha sikukuu huiva saa nane au tisa mchana, na kabla yake sinia la sambusa na keki limeshazunguka mara tatu. Asubuhi kula mayai mawili au matatu na nusu parachichi.

Hatua ya 3: Jipakulie mwenyewe. Nusu ya sahani iwe kachumbari, kabichi au mchicha, robo nyama, na pilau ngumi moja. Anza na mboga na nyama, pilau iwe ya mwisho. Ukila hivyo sukari ya damu hupanda taratibu zaidi, na hamu ya kuongeza inakuwa imepungua. Viazi vya ndani ya pilau ni wanga juu ya wanga, viache.

Hatua ya 4: Chunguza wanga uliojificha. Chai ya maziwa ya kwenye birika mara nyingi imeshatiwa sukari jikoni, kwa hiyo omba yako kabla haijatiwa. Wanga umejificha pia kwenye rosti iliyofanywa nzito kwa unga wa ngano, kuku aliyevingirishwa kwenye unga, soseji za bei rahisi, na juisi ya embe hata kama hawakuongeza sukari. Tui la nazi halina neno. Shida ni wali unaolisindikiza.

Hatua ya 5: Maliza habari ya viporo usiku uleule. Wageni wanapoaga, wafungie pilau na chapati waondoke nazo. Kwenye friji ibaki nyama, mchuzi na mboga. Kesho asubuhi chemsha supu ya mifupa, weka limao na chumvi, unywe bila chapati.

Hatua ya 6: Usipande mizani kesho yake. Mwili huhifadhi wanga kama glaikojeni, na kila gramu huambatana na maji gramu 3 hivi. Kilo moja au mbili zilizoongezeka usiku mmoja kwa sehemu kubwa ni maji na chakula kilichomo tumboni. Watu huona namba hiyo, wanakata tamaa, wanaendelea kula. Pima baada ya siku nne.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, na bia je?
Bia ya mililita 500 ina gramu 15 hadi 18 za wanga, kwa hiyo mbili ni sawa na chapati moja. Divai isiyo tamu ina wanga pungufu kuliko bia. Pombe kali haina wanga, ila soda unayochanganyia inayo. Na ukilewa, ile ngumi moja ya pilau huikumbuki.

Mama mkwe hukasirika nikikataa chakula.
Usikatae, dada. Mwambie, "Mama, nyama na kachumbari nipe za kutosha, wali nitajipakulia." Kaa mezani mpaka mwisho, kula polepole. Sahani tupu huongezwa haraka.

Natumia dawa za kisukari, nifuate somo hili?
Ongea kwanza na daktari wako. Ukipunguza wanga huku dozi ya insulini au glibenclamide ikiwa ileile, sukari inaweza kushuka kwa hatari. Anayetumia dapagliflozin, dawa nyingine ya kisukari, asipunguze sana wanga bila usimamizi, hasa akiwa anakunywa pombe, kwa kuwa damu inaweza kujaa asidi hata sukari ikiwa haijapanda sana.

Nikirudi kwenye wanga kidogo kichwa huuma siku mbili.
Maji yanatoka na chumvi pamoja nayo. Kikombe cha supu yenye chumvi mara mbili kwa siku husaidia. Mwenye presha au tatizo la figo amuulize daktari kwanza.

Dona badala ya sembe inaruhusiwa?
Dona ina nyuzinyuzi zaidi, lakini wanga wake haupishani sana na wa sembe. Ihesabu kama ugali wowote.