Wanasesere wawili wa mwaka 1872: kumfundisha mtoto historia ya karafuu nyumbani

Mtoto wa Pemba huijua karafuu kabla hajajua kusoma. Ameiona imeanikwa majamvini, ameshika vikonyo vyake. Historia na ianzie hapo, si kwenye orodha ya masultani.

Hatua ya 1: Chagua mwaka mmoja. Mimi huchagua 1872. Aprili mwaka huo kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha mikarafuu na minazi mingi mno, Pemba ikasalimika. Bei ya karafuu ikapanda, watu wakazidi kupanda mikarafuu huku kwetu.

Hatua ya 2: Shoneni wanasesere. Vitambaa chakavu, sufi ya kujazia, uzi mweusi wa nywele. Kazi kubwa iko kwenye nguo. Kanga bado, wakati wake haujafika. Mize, binti wa mwenye shamba, mpeni kitambaa cha rangi. Majuma, mtoto wa mtumwa, mfungeni kaniki, kile kitambaa cheusi cha bei rahisi. Mwanao atauliza mbona Majuma hakupewa nguo nzuri. Usimkimbize, mjibu hapo hapo, sindano ikiwa mkononi.

Hatua ya 3: Tungeni kisa kifupi. Jahazi limetia nanga Wete, nahodha analeta habari za kimbunga. Habari hiyo ni heri kwa nani? Baba yake Mize anahesabu faida. Mama yake Majuma anajua kwamba mikarafuu mipya inataka mikono, na mikono hiyo ni yake. Utumwa usiufiche, wala usimchoree Majuma tabasamu shambani kana kwamba yu radhi. Kwa mtoto wa miaka saba yatosha kusema: hakulipwa, na hakuruhusiwa kuondoka. Habari za mnada wa watumwa zingoje akue.

Hatua ya 4: Tengeni ya kweli na ya kutunga. Ukisema "Hadithi, hadithi!" naye akaitika "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea", wanasesere wanyanyuliwe: hapo mnatunga. Wakilazwa jamvini, yasemwe ya kweli tu. Kimbunga ni kweli. Mkataba wa 1873, aliotia saini Sultan Barghash na uliofunga soko la watumwa Unguja, ni kweli. Mize na Majuma tumewatunga. Kanuni hii naishikilia kuliko zote, kwa sababu mtoto huamini anachokishika.

Hatua ya 5: Mkuzeni Majuma. Mwaka 1897 ilitolewa amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba. Sasa mshoneeni kanga: wanawake wengi waliotoka utumwani waliivaa ili wasitambulike tena kwa nguo za kitumwa. Hapa mwachie mtoto asimulie. Wewe uliza tu: Majuma atakwenda wapi? Atalima shamba la nani? Nani atamlipa akichuma?

Mkimaliza, mkiwa na nafasi, mpeleke kwenye makumbusho ya ngome ya Chake Chake. Safari inayofuata hamieni 1928, mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Mwanasesere wa mwaka huo awe mtoto wa Ng'ambo, mjini Unguja, anayesikiliza santuri.