Kimchi bila duka la Kikorea: kipi kibadilishwe, kipi kisiguswe

Anayeishi Los Angeles, au karibu na tawi la H Mart, maduka makubwa ya vyakula vya Kikorea, hahitaji mwongozo huu wa kutengeneza kimchi, yaani kabichi ya Kikorea iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili. Unamfaa Mkorea wa Marekani ambaye mji wake una supamaketi moja tu ya kawaida.

Kabichi haisumbui. Ile ndefu ya Kichina, inayouzwa kwa jina la napa, imeenea. Ikikosekana, tumia ya duara, ila ikae na chumvi saa 3 badala ya 2 kwa kuwa majani yake ni magumu. Kata kilo 1 vipande vya sentimita 4, nyunyizia gramu 60 za chumvi, geuza kila nusu saa. Chumvi pima kwa mizani: kikombe cha Diamond Crystal, chapa ya chumvi ya chenga, kina uzito wa karibu nusu ya kikombe cha chumvi laini ya mezani, na wengi huharibikiwa hapo. Ikizidi, kimchi inakawia kuchacha. Ikipungua, kabichi inalegea. Sehemu nyeupe ya jani ikikunjika bila kuvunjika, suuza mara 3, kisha chuja nusu saa.

Mtego uko kwenye pilipili. Kopo lenye lebo ya “chili powder” kwa kawaida limechanganywa na bizari nyembamba na oregano. Likiingia, kimchi imekwisha. Agiza gochugaru, pilipili nyekundu ya Kikorea iliyosagwa, kwa posta, haiharibiki upesi ukiiweka kwenye friza. Ukibanwa, changanya vijiko 3 vya paprika isiyo ya moshi na kijiko 1 cha pilipili ya cayenne. Rangi itapatikana, ule utamu wa gochugaru, hapana.

Pika uji wa kijiko 1 cha chakula cha unga wa mchele na mililita 120 za maji, uache upoe kabisa, maana joto linaua bakteria wa kuchachusha. Ongeza vijiko 4 vya pilipili, vijiko 2 vya mchuzi wa samaki (wa Kithai au Kivietinamu unafaa, asiyekula samaki atumie sosi ya soya), punje 6 za kitunguu saumu, tangawizi kijiko cha chai, na vitunguu vya majani. Vaa glavu uchanganye na kabichi.

Shindilia kwenye chupa ya kioo hadi maji yafunike kabichi, ukiacha sentimita 4 juu. Usikaze kifuniko, weka sahani chini, itafurika. Baada ya siku 1 au 2 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, ikianza kutoa mapovu na harufu ya uchachu, hamishia kwenye friji. Ikichacha kupita kiasi usiitupe: hiyo ndiyo ya kupikia jjigae, mchuzi mzito wa Kikorea.