Jinsi ya kusoma barua ya mfungwa wa kambi za Wanazi (andaa na ndimu)

Haya walimu wa historia, na nyie mnaojisomea wenyewe, hii nimeifanya na vijana wangu wa tuisheni hapa Isevya, Tabora, na imekubali, kwa hiyo naiandika vilevile nilivyoifanya.

Anza na picha ya barua, maelezo baadaye. Makumbusho ya Auschwitz na Buchenwald, zilizokuwa kambi za Wanazi (watu wa Hitler, Ujerumani), yameweka kadhaa mtandaoni, shusha moja uiprinti kubwa maana kwenye simu huoni kitu. Kijerumani kisikutishe. Angalia kwanza yale maneno yaliyochapwa kwa mashine pembeni au juu, hayo ni masharti ya kambi, yanasafiri na barua hadi kwa mama wa watu nyumbani. Kwa kawaida ni barua mbili kutuma na mbili kupokea kwa mwezi, kwa wino, mistari 15 kwa ukurasa, na fomu za kambi ya Dachau zinasema kabisa kwamba siku ya kuachiwa haijulikani na kwenda kumtembelea mtu ni marufuku. Na ilitakiwa iandikwe Kijerumani, sasa fikiria Mpolandi wa kijijini asiyejua hata neno, anatafuta mwenzake amwandikie, halafu mke naye huko anatafuta wa kumsomea.

Kisha tafuta sentensi ya "niko mzima, naendelea vizuri". Ipo karibu kila barua ya Auschwitz. Vijana wangu wakacheka, wakasema mwalimu si ni zile zetu za zamani, "mimi huku mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu". Hapo usiwakatishe, waache wacheke kwanza, halafu waambie yetu ilikuwa adabu, ile ilikuwa amri, ukiiacha barua haitoki.

Sasa wape zoezi. Kila mtu amwandikie mama yake, tuseme yuko Sikonge au Urambo, mistari 15, njaa usitaje, ugonjwa usitaje, kazi usitaje, na mmoja awe mkaguzi na kalamu nyeusi ya kufuta. Dogo mmoja akaandika "mwambie babu nimefanana na yule mbuzi wetu wa kiangazi", mkaguzi akacheka akaipitisha! Darasa zima likanyamaza, wameelewa. Wafungwa walifanya hivyohivyo, wanasingizia habari za shangazi na mjomba huku wanasema mengine, ndo maana barua hizi uzisome ukijiuliza kwa nini hili limetajwa.

Ila usiwaache wakadhani kila mtu aliandika. Wayahudi wa Auschwitz wengi hawakuruhusiwa, labda walazimishwe ili kudanganya waliobaki. Machi 1944 kundi la Wayahudi lililoletwa Auschwitz kutoka Theresienstadt (geto, yaani mji walikofungiwa Wayahudi) liliandikishwa kadi zenye tarehe ya 25 Machi, wao wakauawa usiku wa tarehe 8 kuamkia 9. Kadi inafika nyumbani, mtu keshakufa wiki kadhaa. Hapo mimi husoma tarehe mara mbili tu, siongezi neno.

Wakikuuliza "sasa sisi inatuhusu nini", watajie Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar, askari wa Wajerumani vita ya kwanza, akahamia Berlin akawa anafundisha Kiswahili, Wanazi wakamfunga kambi ya Sachsenhausen na akafia humo 1944.

Mwisho ndo ndimu. Kambi ya wanawake ya Ravensbrück, wasichana wa Kipolandi kutoka mji wa Lublin, akina Krystyna Czyż, walipasuliwa miguu kwa majaribio ya madaktari, na 1943 wakaamua dunia ijue. Juu barua ya kawaida, katikati ya mistari wameandika kwa mkojo wao, haionekani. Nyumbani walijuaje? Herufi za mwanzo wa mistari ukizisoma kushuka chini zilisema "barua kwa mkojo", wakachukua pasi.

Nyie tumieni ndimu. Chovya kijiti cha meno, andika katikati ya mistari, acha ikauke kabisa, pasi iwe ya moto wa kati. Kama ni ya mkaa kung'uta majivu kwanza, yangu ilidondosha cheche kona ya barua ikaungua. Pitisha taratibu, usikandamize, na mwache aliyeandikiwa ndo ashike pasi. Herufi zinakuja kahawia, moja moja.