Ukishikizwa muhula mmoja wa ikolojia chuoni

Kwanza mkataba. Usiingie darasani kwa ahadi za simu. Mimi niliingia, nikalipwa miezi minne baada ya mitihani. Uandikwe vipindi kwa wiki, malipo kwa saa, na nani anasahihisha. Muombe unayemshikia nafasi muhtasari wa kozi na mitihani iliyopita.

Halafu watoe wanafunzi nje mapema. Mimi huwapeleka mikokoni siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji yakikauka mnamo saa nne asubuhi. Kamba na vijiti vinne vinatosha: pimeni mraba wa mita moja, hesabuni mizizi ya mchu, aina ya mkoko, iliyochomoza kama penseli. Kisha walambe jani lake. Chumvi! Hapo hata wavivu huuliza maswali.

Wavae viatu vya kufunga. Tope lile humeza kandambili.