Jirani Kajifungua Njiti: Namna ya Kumsaidia Bila Kumwelemea

Mwanamke akijifungua mtoto wa miezi tisa, majirani wanajua la kufanya: hongera, kanga, sabuni, supu ya kuku. Akijifungua njiti, watu husimama mlangoni wasijue waseme hongera au pole. Semeni hongera. Amezaa, na mtoto ana jina, muulizeni jina. Pole ya uchovu itafuata.

Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba kutimia. Wa wiki 35 huenda akarudi nyumbani baada ya siku chache, wa wiki 29 anaweza kukaa wodini mwezi na zaidi. Kabla ya kupanga msaada, jua kwanza mama yuko hatua gani, maana shida za wodini si za nyumbani.

Mtoto akiwa bado wodini

Mara nyingi mama huruhusiwa, mtoto akabaki. Mama anakamua maziwa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, mara nane kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 3, saa 6, saa 9, hivyo hivyo mpaka alfajiri. Kukamua kwenyewe ni dakika 20 hadi 30. Ongeza kunawa, kumlisha mtoto kwa mrija au kikombe, na kuosha vyombo. Kabla ya zamu inayofuata imebaki saa moja na kitu ya kula na kulala. Kama alijifungua kwa upasuaji, yote hayo anayafanya na mshono. Ukimwambia "ukihitaji kitu niambie", umempa kazi nyingine ya kufikiri. Mwambie hivi: "Dada, kesho saa saba naleta chakula. Wali au ndizi?"

Vinavyofaa kwenye mfuko ni chupa ya chai ya lita moja iliyojaa uji au mtori, maji ya kunywa, kanga mbili zilizofuliwa, blauzi ya vifungo vya mbele, kikombe kidogo cha plastiki ngumu chenye mfuniko, kofia na soksi ndogo kabisa. Nepi za dukani za kawaida humfika mtoto wa kilo 1.4 mpaka makwapani, kwa hiyo kata kitambaa laini cha pamba vipande vidogo, fua, piga pasi. Mchango wa fedha mpe mkononi mwake mwenyewe, au lipa moja kwa moja kinachodaiwa. Na picha ya mtoto mwenye mirija haiendi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mpaka mama aridhie.

Kuhusu maziwa, chunga ulimi. Siku za kwanza hutoka matone tu ya dang'a, mazito na ya manjano, na kwa tumbo la njiti matone hayo ni mlo. Maziwa husukumwa na homoni inayozuiwa na hofu na maumivu, ndiyo maana mama akisikia "mbona hutoki maziwa" maziwa hupungua zaidi. Msaada wa kweli ni kumkanda mgongo taratibu kati ya mabega, kumpa cha moto anywe, na kumwachia nafasi. Akikamua, kidole gumba kiwe juu na vingine chini ya ile sehemu nyeusi ya titi, asukume kuelekea kifuani kwanza ndipo aminye. Kuvuta chuchu hakutoi maziwa, kunaichubua. Yaliyokamuliwa hukaa saa nne kwenye chumba kisicho na joto kali, au siku nne ndani ya friji.

Mtoto akisharudi nyumbani: kifua cha mama hakina nafasi

Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Akipoa, nguvu ambayo ingemkuza anaitumia kutafuta joto. Analegea, anaacha kunyonya, na pumzi inaweza kusimama. Ndiyo sababu ya kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani linashauri saa 8 hadi 24 kwa siku. Soma tena hesabu hiyo, kisha jiulize nani atachota maji.

Jifunze kumbeba, kwa sababu si lazima awe mama peke yake. Baba anafaa sana, bibi na mama mdogo pia, mradi hana kikohozi wala ugonjwa wa ngozi, hanuki sigara na ameoga. Vua nguo ya juu. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi. Mweke wima katikati ya kifua, kifua kwa kifua, miguu na mikono imekunjwa kama ya chura. Geuza kichwa upande mmoja na kiinue kidogo tu. Hapa ndipo wengi hukosea: kidevu kikilala kifuani, njia ya hewa inajikunja na mtoto anakosa pumzi bila hata kulia. Mfunge kwa kanga iliyokunjwa, ukingo wa juu ukomee chini kidogo ya sikio lake, kanga ikaze kwenye kifua chake na ilegee tumboni ili apate kupumua. Juu yake vaa blauzi au jifunike kitenge. Ukiwa umelala, egemea mito, nusu kukaa. Kila zamu isipungue saa moja, kwani kumhamisha hamisha kunamchosha. Siku akianza kujinyonganyonga na kutoa mikono nje, mara nyingi karibu na kilo 2.5, amekwisha kukua na hataki tena.

Ukitazama kwa karibu utaona kwa nini mama huyu hawezi kazi za nyumbani: hawezi kuinama, hawezi kukaa na moto, hawezi kuinua ndoo. Pangeni watu watatu au wanne. Mmoja alete madumu mawili ya maji kila asubuhi na kuosha vyombo. Mwingine afue na kuanika. Mwingine achukue watoto wakubwa, awapeleke shule na kuwarudisha, maana hao nao wamempoteza mama kwa wiki kadhaa na hakuna aliyewauliza hali. Chakula kipikwe kwa zamu. Atakayekuja usiku, awahi kabla ya saa tatu na aondoke.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani eti kumpasha mtoto joto. Hewa yake yaua, na moshi unambana kifua. Chupa ya maji ya moto nayo humuunguza. Joto lake ni kifua cha mtu. Kukandwa kwa maji ya moto kwa mama mwenye mshono pia kuacheni.

Wageni wasizidi wawili kwa wakati, wanawe kwa sabuni, wasimbusu mtoto. Mwenye mafua apige simu.

Maneno

Kuna usemi kwamba wa miezi saba huishi, wa miezi nane hafiki. Si kweli: kila wiki ya ziada tumboni humwongezea mtoto nafasi. Usimuulize kama alibeba ndoo nzito au aligombana na mumewe. Presha, maambukizi, mimba ya mapacha vinaweza kuleta uchungu mapema, na mara nyingi sababu haijulikani kabisa. Swali lako litabaki kichwani mwake miaka. Usimlinganishe mtoto wake na wako. Aliyezaliwa wiki 32 amewahi wiki nane, kwa hiyo akifikisha miezi mitano mpime kama wa miezi mitatu. Chanjo tu ndizo hufuata tarehe ya kuzaliwa.

Machozi ya siku za tatu, nne, tano ni ya kawaida na huisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, au mama halali hata mtoto akilala, hataki kumtazama, anasema ni bora asingekuwepo, huo ni ugonjwa na una tiba. "Jikaze" si tiba. Msindikize kituo cha afya, na kama ametaja kufa usimwache peke yake hata dakika moja.

Usiku wa hatari

Weka namba ya dereva wa bodaboda au bajaji anayepokea simu usiku, na mwambie mama kwamba yako haizimwi. Kuondoka ni hapo hapo mtoto akiacha kunyonya au akilegea, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika au kifua kikibonyea, midomo ikiwa ya bluu, akipata degedege, akiwa na joto linalozidi nyuzi 37.5, akibaki wa baridi baada ya saa moja kifuani, au viganja na nyayo zikiwa za njano. Njiani abebwe kifuani hivyo hivyo, na kadi ya kliniki isisahaulike.

Mtoto akifariki

Hutokea, na hapo ndipo majirani hupotea kwa kuogopa kusema vibaya. Njoo. Mtaje mtoto kwa jina lake. Usiseme "utapata mwingine", wala "afadhali hukumzoea", alimzoea tumboni. Jambo ambalo wengi hulisahau ni maziwa: yataendelea kujaa siku kadhaa baada ya mazishi. Mletee kitambaa kilicholowekwa maji baridi aweke kwenye matiti, sidiria ya kumshika bila kumbana, na mweleze akamue kidogo tu ya kupunguza maumivu. Titi likiwa jekundu na homa ikipanda, ni hospitali. Kofia na nguo ndogo za mtoto msizikusanye akiwa amelala. Muulizeni, wengine huzitoa wiki hiyo hiyo, wengine huweka moja chini ya mto.