Mitungi miwili na mibuyu ya Mama Ngina: nilivyoongeza kasi

Mwaka mzima nilikimbia siku sita kwa wiki, kila siku mwendo ule ule, na kila siku nikirudi nyumbani Ganjoni, hapa Mombasa, ninahema. Mwanzo kilomita 5 zilinichukua dakika 34. Mwaka ulipokwisha zilinichukua dakika 33 na nusu, na muundi wa mguu wa kulia ukawa unaniuma hata nikipanda ngazi za ofisini. Mkufunzi wa jimu moja aliniambia nikaze tu, mwili utazoea. Haukuzoea. Nilikaa wiki tano bila kukimbia.

Niliporudi nilibadilisha kila kitu, na baada ya miezi minane nikafika dakika 28 na sekunde 40. Mimi ni karani, nina miaka 39 na watoto wawili, wala sina kocha. Haya ninayoeleza yanafanyika na mtu mwenye kazi na nyumba ya kuangalia.

Anza kwa kupunguza mwendo. Najua ni ajabu kumwambia hivyo mtu anayetaka kasi, lakini hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Sasa nakimbia siku tatu tu: Jumanne kwa kasi, Alhamisi polepole, Jumapili polepole lakini muda mrefu, kama saa nzima. Polepole maana yake uweze kuzungumza. Mimi na wifi yangu tukitoka Jumapili, anihadithie harusi ya jirani tangu kupeleka posa hadi kutoka bibi harusi, na mimi nimjibu bila kukatika pumzi. Nikiwa peke yangu husoma nyiradi, yaani dhikri za kurudiarudia, kwa sauti. Zikianza kukatika katikati, napunguza. Mwendo huo ndio unaojenga moyo na mishipa midogo ya damu kwenye misuli, na unaiacha miguu ikiwa mizima kwa ajili ya Jumanne.

Hapa kwetu usiiamini saa kuliko pumzi zako. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, hewa imejaa unyevu na jasho halikauki mwilini, na jasho lisilokauka halipozi. Damu inakimbilia kwenye ngozi kutoa joto, moyo unapiga mbio zaidi kwa mwendo ule ule. Mwezi wa Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika papa hapa, kwenye uwanja wa gofu ulioko kando ya Mama Ngina, barabara ya ufukoni ninapokimbilia. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo, aliishia njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ubingwa. Ikiwa joto la Mombasa lilimsimamisha Bekele, wewe usione haya kutembea kidogo. Mimi hutoka baada ya sala ya alfajiri, kiasi saa kumi na moja na nusu, na saa moja kasorobo niko nyumbani. Wakati wa kusi, katikati ya mwaka, nafasi ni pana zaidi, maana hata upepo wenyewe unakusaidia.

Siku ya kasi napasha misuli dakika kumi kwa mwendo mdogo, kisha naongeza mwendo mara nne, sekunde 20 kila mara. Ndipo naanza kazi: dakika 2 kwa nguvu, dakika 2 kutembea, mara sita. Nachagua mbuyu ulio mbele, nakimbia kuuelekea, nikiufikia nachagua mwingine. Kipimo changu ni kimoja: mara ya sita iende mbali sawa na ya kwanza. Ukianza kama mwizi aliyefukuzwa, mara ya nne utakuwa unaburuta miguu, na hapo hujifunzi kasi, unajifunza kuchoka. Baada ya mwezi nikaongeza zikawa nane. Sikuongeza kitu kingine chochote mwezi huo.

Sasa nguvu, na hili ndilo nilipenda mtu angeniambia mapema. Kila hatua ya mbio, mguu mmoja unapokea mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Nyonga na shavu la mguu likiwa dhaifu, mzigo huo unaangukia goti na muundi. Nafanya mara mbili kwa wiki, Jumanne jioni na Ijumaa jioni, uani, kwa mitungi ya maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hivyo hesabu ni rahisi. Anza na mtungi wa lita 10 uliojaa mpaka juu. Usichukue wa lita 20 uliotiwa nusu, kwani maji huchezacheza na kukuvuta mgongo.

Kumbatia mtungi kifuani, chuchumaa mpaka mapaja yalale sawa na ardhi, visigino visiinuke, magoti yasiingie ndani. Mara nane, pumzika dakika 2, rudia mpaka utimize raundi tatu. Kisha mtungi mmoja kila mkono: sukuma makalio nyuma, inama mgongo ukiwa umenyooka, simama tena. Hapo utasikia nyuma ya mapaja. Halafu piga hatua ndefu kurudi nyuma, goti likaribie sakafu, mara nane kila mguu.

Zoezi lililouponya muundi wangu ni la ngazi. Simama kwenye ukingo wa kidato, visigino vining'inie nje. Inuka kwa miguu yote miwili, shuka kwa mmoja ukihesabu mpaka tatu. Mara 12 kila mguu, raundi tatu. Wiki ya kwanza nilishikilia ukuta, na bado nilitetemeka. Ukiweza raundi zote bila kujikaza, ongeza lita tano, usiongeze idadi.

Chakula sikubadilisha sana. Mbaazi, samaki, mayai, na dafu baada ya mbio ndefu. Ufukwe wa Nyali ni mzuri maji yakipwa, mchanga ukiwa mgumu, ila umeinama upande mmoja, basi nenda na urudi mstari ule ule ili nyonga moja isibebe yote.

Jipime kila baada ya wiki sita, njia ile ile, saa ile ile. Na ukijipima Februari, linganisha na Februari, usilinganishe na Julai.