Zana mpya ya programu: ipime hivi kabla hujaiweka kwenye kazi ya mteja

Kila ukiisha mkutano mkubwa wa teknolojia huko California magrupu ya madevelopa hapa Dar yanachachamaa siku mbili tatu, fremuweki (mifupa ya kujengea programu) fulani imekufa, lugha fulani ndo habari ya mjini, na kama bado unatumia ile ya zamani basi wewe umeshazeeka. Jumatatu mtu anaingia ofisini anataka kubomoa mfumo wa mteja ambao unafanya kazi vizuri kabisa. Mwongozo huu ni wa kumshika shati huyo mtu, na kama ndo wewe wala usinune, zana yako hatuitupi, tunaipeleka kwanza kwenye mtihani.

Tuanze na mkutano wenyewe. Hotuba za ufunguzi za kule mara nyingi zinaanza saa nne asubuhi kwa saa zao, kwa hiyo kipindi chao cha joto sisi ni saa mbili usiku, na wakirudisha saa nyuma kwenye baridi inakuwa saa tatu. Ukiwa na waifai ya uhakika angalia laivu, raha yake ipo. Ukiwa unategemea bando ngoja, ndani ya siku chache mada zinakuwa YouTube zimekatwa moja moja, unachagua unayoitaka na unaishusha usiku kwa bando la usiku. Hotuba ya ufunguzi hata ukiiruka hujakosa kitu, ile ni biashara. Kinachofaa ni zile mada za mtu mmoja ambaye ametumia kitu miaka miwili na anaeleza kilimzingua wapi, na zaidi maswali ya mwisho, maana pale ndo mtu anauliza "je ukiwa na databesi kubwa" halafu mzungumzaji anakunywa maji kwanza.

Na kelele za ukumbini zisikudanganye, za kuzomea wala za kushangilia. Developa Ryan Dahl alionyesha Node.js, zana yake ya kuendesha lugha ya JavaScript kwenye seva, kwenye JSConf (mkutano wa JavaScript) ya Berlin mwaka 2009 watu wakasimama kupiga makofi, na kweli ikashika dunia. React, zana ya kujengea sura za tovuti, ilipotolewa kwa umma kwenye JSConf ya Marekani 2013 wengi waliikunjia uso, kuchanganya HTML (lugha ya kupanga ukurasa) ndani ya JavaScript waliona kama uchafu, leo matangazo mengi ya kazi yanaitaja. Docker, zana ya kufungasha programu na vyote inavyohitaji, ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza PyCon (mkutano wa lugha ya Python) ya Marekani 2013 kwenye mada ya dakika tano tu. Upande wa pili kuna Parse, huduma ya kutunza data za apu ambayo Facebook waliinunua 2013 na kila mtu akawa anajengea apu zake juu yake, Januari 2016 wakatangaza wanaifunga, Januari 2017 ikazimwa. Kwa hiyo kelele za siku ya kwanza hazikwambii kitu chochote, iwe kiki au dharau, kazi ya kupima bado ni yako.

Sasa mtihani. Siri ni kuwa na projekti moja ndogo ambayo unaijenga upya kila ukikutana na zana mpya, ileile, usibadilishe. Wengi wanajenga orodha ya mambo ya kufanya kama ilivyo kwenye mafunzo ya zana yenyewe, ile haikufundishi kitu kwa sababu waliotengeneza zana walihakikisha hiyo inapita. Chukua kitu cha mtaani. Mimi natumia daftari la madeni la duka la Mangi, yule mwenye duka la mtaani: mteja anakopa unga na mafuta, Mangi anaandika, mteja analipa kidogo kidogo kwa simu, anatumiwa meseji ya salio. Unaona ni ka kitu kadogo lakini ndani yake karibu matatizo yote ya kazi zetu za hapa yamo.

Mfano namba ya simu. Mtu mmoja anaandika 0754, mwingine +255754, mwingine 255 bila alama ya kujumlisha, zote ni namba ya mtu mmoja. Na zana ikiichukua namba kama tarakimu badala ya maandishi ile sifuri ya mbele inapotea kimyakimya, utagundua siku meseji hazifiki. Angalia zana inakusaidiaje hapo au inakuachia mwenyewe.

Halafu mwandikishe mteja anaitwa Mama Ng'wasi. Ule mkato wa juu una sura mbili, ule ulionyooka wa kibodi ya kompyuta na ule uliopinda ambao simu nyingi zinauweka zenyewe. Mangi ameandika jina kwa simu, wewe unalitafuta kwa kompyuta, jibu linakuja "hakuna mteja huyo" wakati anadaiwa elfu ishirini na mbili. Na haiishii hapo, huo mkato uliopinda ukiingia kwenye SMS meseji nzima inahama kutoka mfumo wa herufi 160 kwenda ule wa herufi 70, meseji yako ya herufi mia moja inakuwa mbili na Mangi analipia mbili. Mkato mmoja tu! Hakuna mafunzo ya zana yoyote ya kule yatakayokuonyesha hili, lazima ulijaribu mwenyewe.

Muda nao. Sisi tupo saa tatu mbele ya UTC (saa ya dunia ambayo kompyuta nyingi zinaifuata) mwaka mzima, haturudishi saa wala kusogeza. Weka malipo ya saa nane usiku kisha omba ripoti ya siku. Kama zana inatunza kwa UTC na wewe hujaiambia kitu, yale malipo yatahesabika kwenye saa tano usiku ya jana, na Mangi akifunga hesabu asubuhi anakuta jana imezidi leo imepungua. Zana nzuri inakulazimisha useme uko ukanda gani wa saa mapema kabisa, zana mbovu inakaa kimya.

Halafu malipo. Mitandao ya simu ikishapokea hela inatuma taarifa kwenye seva yako, na mtandao ukisuasua taarifa ileile inaweza kuja mara mbili, hilo ni jambo la kawaida wala sio kosa la mtu. Huna haja ya kuunganisha na mtandao wa kweli kupima hili, tumia curl tu (programu ndogo ya kutuma maombi kwa seva) kwenye terminali, tuma malipo ya elfu tano yenye namba ya muamala fulani, kisha bonyeza mshale wa juu tuma tena vilevile. Deni likipungua elfu kumi umeshapata jibu. Hapa angalia zana inakupa njia rahisi kiasi gani ya kusema "namba hii ya muamala isiingie mara mbili", na je inafanya hivyo kwenye databesi yenyewe au inakagua tu kwa juujuu halafu maombi mawili yakija kwa pamoja yote yanapita.

Ukishamaliza kujenga zima intaneti. Sio kwa mzaha, zima kabisa, kisha jaribu kuwasha projekti upya. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja na nchi nzima tukawa tunasukuma intaneti kwa mikono, na madevelopa waliokuwa wamezoea zana zinazotaka kupiga hodi kwenye seva ya mbali kila zikiwaka walikaa bure. Kama unatumia npm (ghala la vifurushi vya JavaScript, yaani msimbo wa watu wengine unaoushusha) jaribu ile --prefer-offline uone kama vilivyokwisha kushushwa vinatosha. Na hapohapo pima uzito, folda la vifurushi lina ukubwa gani, ukitaka kuliweka kwenye kompyuta ya mwenzako anayetumia bando la simu itamgharimu nini. Ile laibrari ya left-pad iliyoondolewa npm Machi 2016 ilikuwa na mistari 11 tu ya msimbo na ilisimamisha ujenzi wa programu kubwa kubwa duniani, kwa hiyo ukiona zana inavuta vifurushi mia nane ili ikuandikie "habari dunia" uliza vya nini vyote hivyo.

Mwisho wa mtihani ufungue kwenye simu ya kawaida. Sio ile yako uliyonunua kwa mkopo, chukua Tecno au itel ya RAM ya 2GB ambayo imejaa picha na video za harusi, zima waifai, kaa nayo ndani ya mwendokasi wa jioni kutoka Kivukoni kwenda Kimara watu wamebanana, ndo mtandao utakavyokuwa kwa mtumiaji wako. Chrome ya kompyuta ina sehemu ya kupunguza kasi ya mtandao, inasaidia, ila haiigizi simu iliyochoka.

Ikipita yote hayo kuna maswali ya karatasi ambayo hayachukui nusu saa. Nani anailipia hii zana? Kama ni kampuni moja inayotegemea hela za wawekezaji basi jua siku moja watataka kuzirudisha. Leseni yake ni ipi? Terraform, zana ya kupanga seva kwa msimbo, ilikuwa chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote) miaka na miaka, Agosti 2023 wenye nayo wakabadilisha leseni, jumuiya ikachukua msimbo wa zamani ikauendeleza kivyake, wakaanzisha OpenTofu. Watumiaji wengi wadogo hawakuguswa lakini wengine ilibidi wakae na wanasheria. Na wakiamua kuiacha wanakupa muda gani? AngularJS, ile ya mwanzo ya fremuweki ya Google ya kujengea tovuti, ilitoka 2010 na msaada wake ukakoma Januari 2022, na kuna mifumo mjini hapa mpaka leo inaitumia na hakuna anayetaka kuigusa. Mimi kwenye hili ni mgumu, zana ambayo haina orodha ya mabadiliko inayoeleweka kila toleo siiingizi kwenye kazi ya hela hata iwe tamu vipi.

Hizi za AI nazipa aya yake kwa sababu ndo zimejaza kila ratiba ya mkutano tangu ChatGPT itoke Novemba 2022. Zinasaidia, sikatai, hasa kwa kazi za kuchosha kama kuandika majaribio au kuhamisha muundo wa databesi. Ila hisia zako zisiwe kipimo. Mwaka 2025 watafiti wa METR, taasisi inayopima uwezo wa AI, waliwachukua madevelopa wazoefu 16 wa miradi ya chanzo huria, kazi 246 kwenye miradi wanayoijua, na walipotumia AI walichelewa kwa asilimia 19 huku wenyewe wakiamini wamewahi kwa asilimia 20. Kwa hiyo weka saa. Daftari la Mangi moja kwa mkono, moja kwa AI, ukihesabu na muda wa kusahihisha. Hakikisha kila kifurushi inachokutajia kipo kweli kabla hujakisakinisha, maana huwa zinabuni majina, na kuna wajanja wanayasajili hayo majina ya kubuni wanaweka uchafu ndani. Kumbuka pia bei ni kwa dola, unalipia kwa idadi ya vipande vya maneno, na Kiswahili kinakatwa vipande vingi kuliko Kiingereza ndani ya hizi modeli, kwa hiyo kuhudumia wateja kwa Kiswahili kunakula zaidi. Na data ya mteja usiibandike humo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, tengeneza majina ya uongo kazi iendelee.

Turudi kwenye mikutano, maana kuna ile ya kwenda kwa miguu. Hapa mjini pale COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) Kijitonyama na kwenye zile DevFest, mikutano ya madevelopa ya mwisho wa mwaka, unaingia bure au kwa hela ndogo. Ukifika usikae na watu wa ofisini kwako, mnaonana kila siku. Kaa karibu na mtu anayefanya kazi ya benki au ya hospitali muulize swali moja tu: "kaka, au dada, mmeacha kutumia nini mwaka huu na kwa nini?" Swali la wanatumia nini kila mtu ana jibu la kupendeza, hili la wameacha nini ndo linaleta habari. Wakati wa chai ndo wa maana, mada utaziona YouTube.

Za mbali kidogo pia zinawezekana. DjangoCon Africa, mkutano wa watumiaji wa Django (fremuweki ya Python), imefanyika Zanzibar Novemba 2023 na Arusha Agosti 2025, yaani boti au basi tu. Mikutano mingi ya jumuiya za Python na Django inatoa msaada wa nauli na malazi, ila dirisha la kuomba linafungwa miezi kabla, na ukiomba kama mzungumzaji nafasi inaongezeka. Mada unayo tayari. Yale matokeo ya daftari la Mangi, kile kilichovunjika na namna ulivyokirekebisha, ndo hasa wanachotaka kusikia, wamechoka na slaidi za utangulizi.

Na ukishajiridhisha sasa unataka kuipeleka ofisini, usiombe kujenga mfumo upya. Chagua kona moja ambayo ikianguka hakuna anayekosa hela, kwa mfano ripoti ya mwezi ya mhasibu, ijenge humo kwa zana mpya na ile ya zamani iache ikiendelea pembeni. Isipandishwe Ijumaa wala tarehe za mwisho wa mwezi. Bosi mwandikie nusu ukurasa, nini kimepimwa, nini kilishindwa, nani mwingine ofisini anaweza kuigusa wewe ukiwa likizo, na kama hilo la mwisho jibu lake ni "hakuna" basi kwanza mfundishe mwenzako mmoja. Mteja wala hana haja na jina la fremuweki, mwambie tu ripoti itafunguka haraka zaidi na ikisumbua ya zamani ipo palepale.